Bahari wikendi ya sikukuu: anza na maji, alafu ndo utafute chumba

Wikendi ya sikukuu watu wote wanawaza kitu kimoja, siku 3 au 4 zimeungana, watoto wako nyumbani, kazini kumefungwa, basi kila mtu anaelekea pwani na anaelekea siku ileile saa ileile. Matokeo yake mtu analipa chumba bei ya juu, anakaa barabarani nusu siku, akifika anakuta maji yamekimbia huko mbali kabisa, anabaki kuangalia mchanga wenye majani ya baharini mpaka jioni na kesho yake hivohivo. Mi naamini safari ya bahari inapangwa kwa kuangalia bahari yenyewe kwanza, chumba na usafiri na chakula vinafuata. Ukishajua maji yanajaa saa ngapi na watu wanajaa saa ngapi, unapita katikati na unapumzika kweli.

Hatua ya 1: Angalia maji kabla hujatoa hela

Pwani nyingi maji yanajaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Hesabu hiyo ndogo ndo inabeba safari nzima. Tuseme Ijumaa maji yanakupwa kabisa saa 6 mchana, basi Jumamosi itakuwa kama saa 6 na dakika 50, Jumapili saa 8 kasoro dakika 20, Jumatatu saa 8 na nusu. Na yanajaa kama masaa 6 kabla ya hapo, yaani Ijumaa alfajiri saa 12, na kufika Jumatatu yanajaa saa 2 na nusu asubuhi. Sasa kama ufukwe wenyewe ni tambarare, wikendi yote mchana hakuna kuogelea, ila asubuhi ni nzuri na kila siku inazidi kuwa nzuri. Mtu aliyejua hili anaamka mapema anaogelea, mchana analala. Asiyejua ndo analala asubuhi, anashuka saa 6 na taulo begani, anakuta bahari imeondoka.

Ingia mtandaoni tafuta jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, andika jina la sehemu na tarehe zako, utaona saa na kimo cha maji kwa mita. Angalia tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Ikiwa kubwa, hiyo ni bamvua, maji yanapanda sana na yanashuka sana. Ikiwa ndogo ni maji mafu, bahari inatulia, haiji sana wala haiendi sana. Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na ukiandama, au siku 1 au 2 baada yake, maji mafu huja mwezi ukiwa nusu.

Na hapa sikukuu zenyewe zinakusaidia maana nyingi zinafuata mwezi. Idi ya kumaliza Ramadhani inakuja mwezi umeandama tu, kwa hiyo tegemea bamvua kila mwaka. Idi ya kuchinja ni tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu, mwezi umeshapita nusu kidogo, kwa hiyo maji huwa karibu na mafu, kwa familia yenye watoto wadogo hiyo mimi naipenda zaidi. Pasaka inaangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu, inaweza kuwa siku chache tu baada yake au karibu wiki nzima, kwa hiyo inabadilika: mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili na mwezi mpevu ni tarehe 2, hapo wikendi yote ni bamvua, lakini 2027 ni tarehe 28 Machi na mwezi mpevu ni tarehe 22, maji yatakuwa yanaelekea kutulia. Tena Machi na Aprili bamvua zake huwa kubwa kuliko miezi mingi kwa sababu usiku na mchana vinakuwa vimelingana karibu na tarehe 20 Machi. Krismasi tarehe yake haibadiliki ila mwezi unabadilika, kwa hiyo angalia kila mwaka upya, Desemba 2026 mwezi mpevu ni tarehe 24, bamvua tupu.

Bamvua sio mbaya. Ukipenda kutembea kwenye miamba na kuangalia viumbe vya baharini vilivyobaki kwenye vidimbwi, hakuna wakati mzuri zaidi. Ni kuogelea tu ndo kunataka mpango. Na kuna bahari ambazo kujaa na kupwa ni kudogo sana, Mediterania kwa mfano, huko hatua hii utaimaliza kwa dakika moja.

Hatua ya 2: Jua nani anakwenda kweli

Kwenye grupu watu 14 watasema nipo, nipo, nipo. Usihesabu hao. Hesabu waliotuma hela. Weka tarehe ya mwisho ya kutuma nusu ya mchango, iandike wazi na kiasi chake na inaenda kwa nani, alafu siku hiyo ikipita funga orodha kwa upole bila ugomvi, anayekuja baadaye atajitafutia chumba mwenyewe. Hili linaonekana gumu kwa ndugu na marafiki ila kinachovunja undugu ni mtu mmoja kubeba gharama za watu 4 waliojitoa dakika za mwisho.

Ongeeni pia mnataka nini huko. Kuna anayetaka muziki usiku kucha, kuna mama ana mtoto wa miezi 8, kuna mzee anataka kukaa kivulini asikilize mawimbi. Hao wote wanaweza kwenda pamoja lakini sio kwenye nyumba yenye sebule moja na vyumba vimepakana. Bora mjue mapema.

Hatua ya 3: Chumba, na maswali ya kumbana mwenye chumba

Wikendi za sikukuu tafuta chumba miezi 2 au 3 kabla, na ukipata cha kughairi bila kukatwa hela kishike hata kama bado hujaamua vizuri, ila andika kwenye kalenda ya simu siku ya mwisho ya kughairi bure. Sehemu nyingi msimu wa sikukuu hawakupi usiku mmoja, wanataka uchukue 2 au 3, kwa hiyo uliza hilo kwanza usije kupiga hesabu bure.

Alafu piga simu, meseji haitoshi. Uliza kutoka mlangoni mpaka kwenye maji ni dakika ngapi kwa miguu, na ukijibiwa "karibu tu" uliza tena, karibu kwa miguu au kwa gari? Fungua ramani ya setelaiti ujionee mwenyewe, kama kuna barabara kubwa katikati au ukuta wa jirani au kijito utakiona. Uliza maji yakipwa watu wanaogelea wapi, mtu anayeishi pale atakujibu papo hapo, atakwambia nenda upande ule kuna kina, au atakwambia subiri mpaka saa fulani. Anayebabaika kwenye swali hilo ujue haijui sehemu, pengine hata nyumba sio yake.

Ndio, maana matapeli wanazijua sikukuu kuliko sisi. Wanachukua picha za nyumba ya mtu, wanaziweka kwa bei nafuu kidogo, wanakuharakisha kwamba kuna mwingine anataka kulipa saivi. Dawa yake ni kuomba simu ya video, atembee kutoka getini mpaka chumbani mpaka dirishani uione bahari. Chukua picha za tangazo uzitafute mtandaoni, ukikuta nyumba hiyohiyo ina jina lingine na mji mwingine, achana naye. Usitume hela yote, tuma advansi, na jina la anayepokea lifanane na jina la mwenye sehemu au la hoteli. Hifadhi risiti na mazungumzo yote mahali utakapoyaona hata bila intaneti.

Uliza maji ya bomba yanakuwaje nyumba zote zikijaa, umeme ukikatika kuna jenereta au hakuna, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kama mnaweza kuacha mizigo mkifika mapema. Siku 2 kabla ya safari piga tena kuthibitisha, taja tarehe, idadi ya watu, na kiasi ulicholipa. Wikendi hizi chumba kimoja kuuzwa mara 2 ni jambo linalotokea, na anayepiga simu ndo anakuwa na nafasi ya kurekebisha mapema.

Hatua ya 4: Kwenda na kurudi

Watu wengi wanaondoka jioni ya siku ya mwisho ya kazi au asubuhi ya siku ya kwanza ya mapumziko baada ya chai. Wewe ondoka alfajiri kabla ya chai, au kama unaweza kuomba ruhusa ya siku moja basi tangulia siku moja nyuma. Kurudi pia, mchana wa siku ya mwisho ndo barabara inajaa zaidi, kwa hiyo ama urudi asubuhi sana ama ulale usiku mmoja zaidi uondoke kesho yake alfajiri. Huo usiku wa ziada mara nyingi bei yake imeshashuka maana sikukuu imeisha, na ufukwe unakuwa wenu peke yenu.

Kama unapanda basi, treni, boti au ndege kata tiketi ya kurudi siku ileile unayokata ya kwenda. Tiketi ya kwenda watu wanaikumbuka, ya kurudi ndo inawaacha kituoni na watoto na mabegi.

Ukienda na gari lako, angalia matairi pamoja na spea, maji ya rejeta, breki, oili, wiki moja kabla ili fundi apate muda, sio usiku wa kuamkia safari. Jaza mafuta kabla hujaingia barabara kuu maana vituo vya njiani vinakuwa na foleni na vingine vinaishiwa. Dereva apumzike kila baada ya masaa 2 na asiwe amekesha. Hapa sina mzaha, usingizi wa alfajiri unaua, kama hamna dereva wa pili bora muondoke mkiwa mmelala vizuri hata kama mtakuta foleni.

Hatua ya 5: Mizigo

Sitataja nguo, kila mtu anajua nguo zake. Vinavyosahaulika ni hivi: hela taslimu kidogo kwa sababu watu wakiwa wengi mtandao unazidiwa na mashine za kutolea hela zinaishiwa, pawabenki, mfuko wa plastiki usiopitisha maji wa simu, viatu vya mpira vya kuingia navyo baharini maana kwenye miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na mwiba wake ukiingia mguuni unakatika ndani. Dawa za kila siku za wagonjwa, beba za siku 2 zaidi. Chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya maumivu, plasta, kibano. Shuka jepesi au turubai la kutengeneza kivuli, kwa sababu miavuli ya ufukweni wikendi hiyo inaisha saa 3 asubuhi.

Na losheni ya jua, sanskrini, yenye SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi. Watu wanaipaka kidogo mno. Mtu mzima anahitaji kama vijiko 7 vya chai kwa mwili mzima: kimoja uso na shingo, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni. Inapakwa robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, na inarudiwa kila masaa 2 na kila mkitoka majini, hata ile iliyoandikwa haitoki na maji. Ngozi nyeusi nayo inaungua, inachelewa kuonyesha tu. Masikio, kisigino cha mguu na juu ya unyayo ndo sehemu za kusahau. Kwa hesabu hiyo chupa moja ndogo haiwatoshi watu 5 kwa siku 3, nunueni ya kutosha huku mlipo kabla ya kwenda.

Hatua ya 6: Siku yenyewe ufukweni

Fikeni saa 1 asubuhi. Mchanga umepoa, kuna nafasi, jua ni la kirafiki. Saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni ndo jua kali, na kipimo rahisi ni kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe tafuta kivuli kingine. Chakula cha mchana kuleni saa 5 na nusu kabla wengine hawajashtuka njaa, au agizeni asubuhi mkiwa mnapita, mseme mtakuja saa ngapi. Saa 10 rudini majini kama maji yanaruhusu, wakati huo wenye watoto wadogo wengi wanakuwa wanakusanya vitu.

Kabla ya mtu yeyote kuingia majini, simameni dakika 10 mtazame tu. Hili naomba lisirukwe. Kama kuna waokoaji, ogeleeni mbele yao kati ya bendera zenye rangi nyekundu juu na njano chini, hizo ndo mipaka ya sehemu inayolindwa. Bendera moja nyekundu ni hatari kubwa, nyekundu 2 ni marufuku kuingia, ya zambarau ina maana kuna viumbe wanaouma kama yavuyavu. Alama hizi zinatumika nchi nyingi, ila soma na bango la pale ulipo.

Kama hakuna waokoaji, tafuta mkondo wa maji yanayorudi. Mawimbi yanaleta maji ufukweni na hayo maji lazima yarudi, yanatafuta sehemu yenye kina kirefu zaidi katikati ya mafungu ya mchanga yanapita hapo kwa nguvu, kama mto mwembamba unaoelekea baharini. Ukitazama kwa makini utaona mawimbi yanavunjika kulia, yanavunjika kushoto, alafu katikati kuna sehemu imetulia haina povu, maji yake yamekolea rangi au yamechafuka mchanga, na vipande vya povu vinasafiri kwenda nje. Mgeni anaona hapo ndo pametulia, anaingiza watoto hapohapo, kumbe hapo ndo mlango wenyewe.

Ukibebwa na mkondo huo usipigane nao kurudi moja kwa moja. Unaweza kwenda kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, hata muogeleaji hodari atachoka. Haukuvuti chini, unakupeleka nje tu na mbele huko unaisha nguvu. Elea chali, pumua, nyoosha mkono juu uite msaada. Ukiwa na nguvu ogelea kwa upande, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye mkondo, alafu rudi kwa mshazari pale mawimbi yanapovunjika yakusukume. Na aliyeko nchi kavu asirukie kumfuata mtu akiwa mikono mitupu, atupe kitu kinachoelea, dumu tupu lililofungwa, boya, hata mpira, na aite waokoaji.

Watoto. Wikendi iliyojaa watu hatari ni kwamba watu wazima ni wengi na kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Pangeni zamu ya dakika 20, mwenye zamu hashiki simu, hanywi pombe, hapigi stori, na akimaliza anamkabidhi mwenzake kwa jina na kwa sauti, "Baba Asha, zamu yako, wako watano," na mwenzake anahesabu kwa macho kabla ya kukubali. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, sio umbali wa sauti yako, kwa sababu anayezama mara nyingi hapigi kelele, mdomo uko usawa wa maji anatafuta pumzi tu. Maboya ya kujaza upepo na yale magodoro ya kuelea ni mazuri kwenye dimbwi la hoteli, baharini upepo ukitoka nchi kavu kuelekea majini unayachukua haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea.

Asubuhi kabla ya kutoka mpige kila mtoto picha na nguo alizovaa siku hiyo, andika namba yako ya simu mkononi mwake kwa kalamu isiyofutika, na mchague alama moja ndefu ya kukutania ambayo mtoto anaiona akiwa popote, mnara au mti mkubwa. Sio mwavuli wa rangi, miavuli inafanana na inahama.

Mkitembea kwenye miamba maji yamekupwa, anzeni kurudi kabla au mara tu yanapoanza kugeuka. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja, saa ya kwanza yanakuja polepole mtu anajisahau, saa ya 3 na ya 4 ndo nusu nzima ya maji yote inaingia. Siku ya bamvua njia mliyopitia kavu inaweza kuwa ya kifuani mkiwa bado mnaokota makombe upande wa pili.

Mtu akiumwa na yavuyavu suuza kwa maji ya bahari, sio maji baridi ya bomba, ondoa nyuzi zilizoganda kwa kibano, na usimsugue mchanga. Akishindwa kupumua vizuri, kuvimba uso au kutapika, hospitali moja kwa moja, kwa hiyo jua hospitali ya karibu iko wapi tangu siku ya kwanza. Na kama mvua kubwa imenyesha, kaeni mbali na mdomo wa mto kwa siku 1 au 2, ile rangi ya kahawia ni uchafu wa mitaro yote ya juu.

Hatua ya 7: Siku ya kuondoka

Usiku wa kuamkia siku hiyo fungeni mabegi, lipeni madeni yote, pigeni picha chumba kilivyo ili kama kuna hela ya dhamana isiletewe maneno. Oga jioni mapema kabla nyumba zote hazijafungulia bomba kwa pamoja. Kama jedwali linasema maji yanajaa asubuhi na hamwahi kuondoka alfajiri, chukueni saa moja ya mwisho majini, nguo mbichi ziingie kwenye mfuko wake peke yake, suuza miguu ya watoto kwa chupa ya maji kabla hawajapanda gari maana ule mchanga ukiingia kwenye viti utautoa mwezi mzima. Mchango uliobaki gawaneni hapohapo kabla ya kuagana, na kila mtu aone hesabu kwenye grupu.